Avoka Kwa Avoka

Nyumba ninayopanga hapa Rohero ina mparachichi uliopandwa na mtu asiyewafikiria watu wafupi. Umepita paa, umepita waya za umeme, na tunda la chini kabisa nikilifuata juu ya meza naishia kulitazama tu. Bujumbura tunaliita avoka, kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa jina hilo hilo ni la wakili. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, ni wakili.

Siku ya kwanza nilipopoa kwa mawe, kama utotoni kwenye miembe ya watu. Jiwe lilipita katikati ya matunda yote bila kugusa hata moja, likatua kwenye bati la jirani. Alitoka na taulo kiunoni. "Ndugu, unamtafuta avoka yupi?"

Mke wangu akanituma Buyenzi, kwa mzee mmoja aliyejuana na marehemu babake. Nilikuwa nimenunua bomba la alumini. Mzee aliposikia habari za waya, akaliweka kando bila neno. Kisha akauliza: "Tunda likianguka linafikia wapi, mwanangu?" Nikasema kwenye saruji. Alinitazama kwa huruma. Parachichi haliivi mtini. Hubaki gumu mpaka litoke tawini, ndipo lianze kulainika, na likigongwa, pale lilipogongwa huoza.

Akanitengenezea kingoe: mwanzi mkavu, ndoana iliyopindwa kama kidole kinachoita, na chini yake mfuko wa wavu wa kuvulia wenye mdomo wa waya, vyote vimekazwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Tunda unaliingiza mfukoni, kikonyo unakivuta kwa ndoana, linashuka kama bibi harusi. Huko pwani wako wanaokiita upembo, wengine kiopoo. Mimi kwa jina sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na shingo, maana ilinikaa upande siku tatu.

Kurudi nacho nilitembea kwa miguu. Kila nilipogeuka kumwamkia mtu, ncha ya nyuma nayo ikageuka, ikawaamkia wengine. Kwa mama muuza ndizi iliamkia kofia ya mteja wake.

Nilichuma matatu, safi, bila jeraha. La nne nililivuta ndoana ikiwa imeshika panda ya tawi, na wakati nabishana nalo, maji moto wakateremka kwenye mwanzi mpaka kwapani. Nikaachia. Kingoe kikabaki juu.

Mzee akatengeneza cha pili, cha kuopolea cha kwanza. Sasa viko viwili. Upepo wa ziwani ukivuma vinagongana usiku kucha, na wakili ameshatamka kwamba mfuko unaoning'inia upande wake, pamoja na avoka lililomo, ni mali yake.

Mwenye ngazi ndefu asiulize namba ya nyumba. Atazame juu tu.