Feni Ikianza Kukoroma

Kwanza kabisa, acha kuipiga laptopu makofi. Najua jana ulipiga, feni ikanyamaza. Ilinyamaza kwa sababu ekseli ilisogea kidogo ndani ya bushi iliyolika, wala haijakuogopa. Kesho itakoroma tena, na kofi lako litaishia kwenye hadidiski, ziliko picha zote za harusi.

Pili, iondoe laptopu juu ya godoro. Matundu ya kuvutia hewa yako chini, nawe umeyaziba kwa shuka halafu unalalamika kuwa kompyuta ni nzito. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe, na joto likizidi mashine hujizima, hata kama uko katikati ya hesabu za kikoba.

Sasa shika bisibisi. Zima, chomoa chaji, kisha betri. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi na uweke kila skrubu pale ilipotoka, maana ndefu ikiingia penye fupi inaweza kuharibu bodi. Chomoa na plagi ya feni, taratibu. Halafu tazama mapezi ya shaba inapotokea hewa: vumbi, nywele na nyuzi za nguo vimeshikana hadi unaweza kuvinyanyua kwa kibano vikatoka kipande kimoja. Mara nyingi ugonjwa wote ni huo. Maskini feni ilikuwa inakimbia kwa nguvu zake zote na hewa haina pa kupita.

Ukitumia blowa, zuia mapanga kwa kidole. Yakizungushwa kwa fujo bushi inazidi kulika, na kama plagi bado imechomekwa, mota inaweza kugeuka jenereta na kusukuma umeme kwenye bodi.

Ukiinua shaba iliyokaa juu ya prosesa, pesti ya kupitisha joto iliyokauka hapo ifute kwa spiriti, uweke mpya kiasi cha punje ya dengu. Usipake kama siagi kwenye mkate! Kazi yake ni kujaza vijitundu vidogo kati ya prosesa na shaba, basi.

Ikiendelea kukwaruza, na kama feni yenyewe inafunguka, tone moja la mafuta ya cherehani litakupa nafuu ya muda. Mafuta ya kupikia yabaki jikoni; yakipata joto hugeuka gundi.

Kinachobaki ni feni mpya, na mashine kongwe inastahili. Inayoandika barua na kumfundisha mtoto hesabu haitupwi kwa sababu ya kipuli kimoja. Ukienda Kariakoo beba feni ya zamani mkononi, ulinganishe namba ya kwenye stika, nyaya za plagi, 3 au 4, na volti: za laptopu nyingi ni 5, za kompyuta za mezani 12. Fundi akikufungia, mwambie aiwashe uione inazunguka kabla hajarudisha mfuniko.