Muulize Shangazi Matamvua

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Mabamba. Nimeletewa mguu wa cherehani wenye ukingo wa chuma uliosimama katikati, ule wa kushona vitanzi vya mapambo. Nimeufunga, nikakanyaga, sindano ikakatika. Nimeweka nyingine, nayo ikakatika. Nimerogwa?*
*Mvunja Sindano*

Marahaba, mwanangu. Kuku wa mganga mrudishe bandani. Ukingo huo umesimama palepale sindano inaposhukia. Mguu huo ni wa mashine ya zigizaga: sindano hushuka kushoto, kisha kulia, na uzi unaovuka juu ya ukingo hubaki kitanzi. Cherehani lako jeusi la kukanyaga linajua mstari mmoja tu, ulionyooka, na mstari wenyewe unaishia kwenye chuma. Siku nyingine zungusha gurudumu kwa mkono kwanza, uone sindano inatua wapi.

Matamvua utayapata hata hivyo. Pinda spoki ya baiskeli iwe kama herufi U, izungushie uzi wa kufumia, ilaze juu ya kitambaa, shona mstari katikati, halafu ichomoe. Miaka ya 1930 Singer waliuza kifaa cha namna hiyo kwa mashine za mstari mmoja, na watu wakashonea mazulia. Ila spoki iwe yako. Baiskeli za Warundi waliovuka mpaka kuja sokoni ziache salama.

*Shangazi, mashine yangu ni ya umeme na zigizaga inayo. Nimepamba kola za kwaya nzima kwa vitanzi. Jumapili mwimbaji mmoja akavuta uzi, kola ikafumuka kabla ya ubeti wa pili.*
*Aliyeaibika, Kasulu*

Pole, mwanangu. Kama ulilegeza uzi wa juu, ulifanya vyema, maana vitanzi vikikazwa havitelezi kutoka kwenye ukingo. Lakini uzi uliolegezwa haujishiki wenyewe. Ukimaliza, kitelezeshe kitambaa kwa nyuma, funga mguu wa kawaida, rudisha ukazaji wa uzi, kisha piga mstari ulionyooka kwenye mashina ya vitanzi, upande mmoja. Ukitaka matamvua marefu, hapo ndipo ufumue uzi wa bobini, upande wa pili uachie. Pasi ipite kwa ndani tu. Nao waimbaji waambiwe kwamba kola si kitabu cha nyimbo, haihitaji kushikwashikwa.

*Shangazi, nilipeleka kitenge cha harusi. Kila nikienda fundi ananiambia, "Njoo kesho dada, mguu wa vitanzi unanisumbua." Harusi ni Jumamosi.*
*Njoo Kesho, Kibondo*

Mwanangu, usimwombe gauni, mwombe kipande cha majaribio. Fundi anayehangaika na mguu huo huanzia kwenye mabaki, akaweka karatasi chini kitambaa kisikunjamane, akajaribu upana wa zigizaga mpaka sindano iukwepe ukingo pande zote mbili. Kazi hiyo huacha vipande vyenye vitanzi vibovu. Kama hana hata kimoja, kitenge chako bado kimo ndani ya mfuko uliokuja nacho. Kichukue leo, mpelekee mwingine, akushonee mshono wa kawaida.

Ukikuta kimeshakatwa, usigombe. Mwambie utakaa kibarazani kwake mpaka Jumamosi, na chakula chako kitatoka jikoni kwake.