Shujaa Aliyetumwa Kikaango

Iko aina ya aibu ambayo wahenga hawakuipa jina kwa sababu haikuwako zama zao: aibu ya kukaa mbele ya gemu iliyosifiwa dunia nzima, padi mkononi, macho kwenye skrini, na kusinzia. Mfano ulio wazi ni The Witcher 3: Wild Hunt, iliyotolewa Mei 2015 na studio ya CD Projekt Red ya Warsaw, Poland. Mwaka uleule ilitwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards, na kufikia 2023 nakala zake zaidi ya milioni 50 zilikuwa zimeuzwa. Mtu anayesema haikumnogea hutazamwa kama mgeni aliyekwenda harusini akakataa pilau: kwanza anaulizwa kama anaumwa, halafu anaonewa huruma, mwisho anabembelezwa aonje tena kidogo tu. Basi anarudi, anaonja, na safari hii anasinzia mapema zaidi. Nashikilia kwamba mtu huyu haumwi, na gemu ile si mbovu. Kilichomharibia ni sifa. Sifa za gemu ya namna hii hutolewa na waliofika mwisho, kisha hukabidhiwa anayeanza, naye huingia mchezoni akiwa na deni la kufurahi. Kila dakika anajikagua: je, nimefurahi? Bado. Je, sasa?

Tupime alichoahidiwa na alichopewa. Ahadi ni nono: utakuwa Geralt wa Rivia, mwindaji wa mazimwi kwa ujira, mwenye nywele nyeupe na panga mbili mgongoni, mmoja wa chuma wa kupigania binadamu na mwingine wa fedha wa kuulia mazimwi. Vita vimewaka kati ya madola, binti yako wa kulea anawindwa na jeshi la mizuka, ulimwengu uko hatarini. Unajiweka sawa kwenye kochi. Kisha unateremshwa White Orchard, kijiji cha mwanzo, na miongoni mwa watu wa kwanza kukuhitaji ni bibi kizee anayekililia kikaango chake. Kuna mgeni alikiazima, akajifungia nacho kwenye kibanda, na bibi anaomba arudishiwe. Shujaa anaubomoa mlango kwa nguvu za uchawi, anaingia, anatoka na kikaango. Mchezaji wetu ametoka kazini saa kumi na moja, amesimama kwenye daladala njia nzima, amefika nyumbani akatumwa chumvi dukani. Sasa ameketi apumzike, na ametumwa tena, na bibi ambaye hata hayupo duniani, na safari hii amelipia mwenyewe ili atumwe.

Hapo mpenzi wa gemu ataruka: hujakielewa kikaango! Ana haki ya kuruka. Ndani ya kile kibanda mna maiti, mna karatasi zilizochomwa, mna dalili za mtu anayevaa kioo cha jicho moja, na kikaango kimekwanguliwa masizi ili yatengenezwe wino. Anayeziunganisha dalili hizo humtambua Thaler, jasusi aliyekuwamo katika gemu ya kwanza ya mfululizo huu, ya mwaka 2007. Kumbe ule utumwa wa jikoni ni kipande cha hadithi ya kijasusi, kimefichwa pale ambapo hakuna anayetazama. Nakubali, na aliyeitunga kazi hiyo nampa heko. Ila tuulize ni nani anayeiona. Ni aliyecheza gemu ile ya miaka 8 nyuma, au anayerudi White Orchard kwa mara ya pili akiwa ameshamjua Thaler. Mgeni anaona kikaango, na kimesafishwa vizuri. Ni sawa na mtu aliyeketi barazani kwa watu huku wenzake wakifa kwa kuucheka mzaha wa mwaka juzi: mzaha wenyewe ni mtamu, naye anacheka kwa adabu huku akiangalia saa. Msifiaji anaposema kila kazi ndogo ndani ya gemu hii ina siri yake, anasema kweli, lakini anasimulia macho yake ya mara ya pili kwa mtu mwenye macho ya mara ya kwanza.

Halafu kuna suala la mikono. Sifa hazisemi lolote kuhusu vitufe, kwa sababu vidole vya aliyefika mwisho vimesahau kuwa viliwahi kufundishwa. Anayeanza ndiye anayejua. Kitufe cha kuokotea vitu ndicho hichohicho cha kuwashia na kuzimia mishumaa, na ulimwengu ule umejaa mishumaa kama kanisa usiku wa Krismasi. Shujaa aliyekusudia kuchota sarafu mezani huishia kuwasha mshumaa, kuuzima, kuuwasha, kama fundi anayejaribu swichi, huku mwenye nyumba akimtazama. Farasi wake, Roach, huitwa kwa mluzi na huja, tena haraka, ila huja upande wa pili wa ua na kugoma hapo. Kuna nyakati alionekana amesimama juu ya paa la nyumba, na studio ikaona heri icheke na wanaocheka: ikamchora Roach juu ya paa kwenye karata mojawapo ya Gwent, mchezo wake wa karata. Geralt mwenyewe, anayemwangusha griffin, zimwi lenye mabawa mapana kama tanga la jahazi, hufa kwa kuruka kimo ambacho mtoto wa Tandale hukiruka akishuka mwembeni. Na akiokota silaha kupita uzito uliowekwa, hukokota miguu kama mpagazi wa Kariakoo mwishoni mwa siku.

Haya si malalamiko ya wavivu. Julai 2015, miezi 2 tu baada ya kuitoa gemu, studio ilileta sasisho lenye namna nyingine ya kumwendesha Geralt, likaongeza sanduku la kuwekea mizigo, na likaziondolea uzito malighafi za dawa na silaha. Desemba 2022 toleo jipya likaja na uwezo wa kukuza herufi za mazungumzo, jambo ambalo wenye sebule ndefu na runinga ndogo walikuwa wakililia miaka yote hiyo. Waliopika wamekiri kwamba chumvi haikutosha. Walioendelea kuapa kuwa inatosha ni majirani.

Pingamizi linalotolewa zaidi ni lile la kungoja. Saa kumi za mwanzo ni ngumu, wanasema, kisha utamu unaanza. Sikatai kwamba unaanza. Ila pilau ambayo utamu wake unaanzia sahani ya tatu, mpishi wake haalikwi tena. Tufanye hesabu. Kisa kikuu peke yake huchukua saa 50 hivi, bila vijikazi vya pembeni. Mtu mzima mwenye familia, watoto wakishalala na vyombo vikishaoshwa, hubakiwa na nusu saa, kama umeme upo. Saa 10 za subira ni usiku 20. Saa 50 ni usiku 100. Na usiku huo haufuatani: kuna msiba, kuna kikao cha harusi, kuna mtoto mwenye homa. Akirejea baada ya wiki 2, anamkuta Geralt amesimama kwenye kinamasi katikati ya mazimwi ya majini, hakumbuki nani alimtuma huko, anabonyeza anachodhani ni kukwepa, kumbe ni kuchomoa upinde, na anakufa akiwa amelenga mti. Gemu hii imetungwa kwa mtu mwenye jioni nzima mfululizo, na jioni nzima ni mali ambayo wengi wetu hatujaimiliki tangu tumalize shule. Linganisha na kibanda cha gemu cha mtaani, ambako mtu hulipia mechi au dakika. Kandanda imetawala pale kwa sababu inatosha ndani ya malipo: watu wawili, matokeo, ugomvi kidogo, kila mtu kwao. Mwekee mteja wa kibandani The Witcher 3, na dakika zake zitaisha kabla bibi hajamaliza kueleza kikaango kilivyopotea.

Wengine watasema tatizo ni kizazi, kwamba watu wamezoea video za nusu dakika na hawana tena subira ya kujifunza jambo zito. Ingekuwa kweli, bao lingekufa zamani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, lina kunamua na kutakata, lina nyumba yenye sheria zake, na mwanafunzi anaweza kupigwa miezi kadhaa kabla hajashinda mchezo mmoja. Hata hivyo watu wanajifunza, na wanarudi kesho yake kupigwa tena. Tofauti ni kwamba chini ya mwembe unapigwa mbele ya watu. Fundi anakukejeli, mzee mmoja anakuonea huruma na kukunong'oneza, watazamaji wanaingilia wasipoalikwa, kahawa inazunguka. Ugumu wa saa ya kwanza unalipwa palepale, kwa kicheko, hata kama wewe ndiye unayechekwa. Anayejifunza The Witcher 3 anashindwa peke yake sebuleni, usiku, sauti imepunguzwa asiamshe watu, na anayejua kosa lake ni mshumaa aliouwasha. Tena maelezo yote yako katika lugha ya watu wengine. Kiarabu kimo kwa maandishi, Kiswahili hakimo, na hadithi nzima ina maneno laki nne na nusu, ya kusoma au kusikiliza kati ya pigo na pigo.

Limebaki pingamizi zito: kwamba hii ni sanaa kubwa, na sanaa kubwa haimsubiri mtu. Kwamba ni sanaa, sibishi. Lakini tuwatazame waliokuwa karibu nayo kuliko sisi. Andrzej Sapkowski, mwandishi aliyemuumba Geralt katika hadithi fupi iliyochapishwa Poland mwaka 1986, alipopewa nafasi ya kulipwa asilimia ya mapato ya gemu hizi, aliikataa akataka fedha zake zote taslimu, kwa kuwa hakuamini kwamba zingefanikiwa. Mwaka 2018 mawakili wake wakaidai studio zloti milioni 60 au zaidi, na mwishoni mwa 2019 pande mbili zikafunga mkataba mpya. Baba mzazi wa shujaa alihitaji miaka mingi na kikosi cha wanasheria kutambua thamani ya kitu hiki. Mfanyakazi wa benki wa Mwanza amepewa wikiendi moja. Yuko pia Barack Obama. Mwaka 2011 waziri mkuu wa Poland, Donald Tusk, alimzawadia gemu iliyoitangulia hii, The Witcher 2. Miaka 3 baadaye, akiwa Warsaw, Obama aliisifu zawadi hiyo kama alama ya Poland katika uchumi mpya wa dunia, na katika pumzi hiyohiyo akakiri kwamba yeye si hodari wa gemu. Huo ndio usifiaji wa kistaarabu: sifa zimetolewa, hakuna aliyeombwa acheze, watu wamepeana mikono.

Sifa zina tatizo jingine. Aliyeachia njiani haandiki. Walio na medali ya kumaliza gemu ni wachache kuliko walio na medali ya kukivuka kijiji cha mwanzo, hesabu isiyohitaji mtaalamu, lakini kelele zote hutoka kwa hao wachache. Ukiwauliza walio kileleni kuhusu njia ya Kilimanjaro, utaambiwa inapendeza mno. Waliorudi chini na maumivu ya kichwa wako nyumbani wamelala.

Jambo la kuchekesha ni kwamba gemu yenyewe inalijua hili kuliko wapenzi wake. Ngazi yake nyepesi kabisa ya ugumu imepewa jina ambalo kwa Kiswahili ni “Kisa Tu!”, yaani mtunzi amekubali kwamba yuko mtu anayetaka kusimuliwa bila kuuawa, akamfungulia mlango bila kumkejeli. Na ndani ya baa ya White Orchard, hatua chache kutoka kwa bibi yetu, kuna msomi anayekufundisha Gwent, mchezo wa karata. Wako watu waliokaa hapo. Ulimwengu unaangamia, mtoto anawindwa, nao wanazunguka vijijini wakitafuta karata, kwa sababu mchezo huo unaanza, unaisha, unashinda au unashindwa, unasimama unakwenda kulala. Studio ikaona wako wengi, ikautoa Gwent kama gemu inayojitegemea. Mimi hao siwaoni kuwa wameshindwa kuifurahia The Witcher 3. Wamekata kipande kinachowatosha.

Kwa hiyo ninyi mliofika mwisho, nawaombeni. Mnapomkabidhi ndugu au jirani gemu hii, mtajieni ni saa ngapi zilipita kabla haijawanogea, si saa ngapi mliifurahia. Mwelekezeni kitufe cha mshumaa. Mwambieni “Kisa Tu!” haina aibu. Na akiwaambia baada ya mwezi kwamba ameishia White Orchard, msimuulize kama anaumwa; muulizeni kama bibi alipata kikaango.