Barua ya wazi kwa Mtukufu Aliyenikopesha

Kwa Mheshimiwa Meneja Mkuu, tajiri wa matajiri, mlezi wa wanyonge:

Mimi mnyonge wako wa Matondoni ni mzima, ila deni. Najua kwamba barua hii itapokelewa na katibu wako, itagongwa muhuri, kisha itatiwa kwenye faili pamoja na zile za mwanzo. Kwa hiyo nakushukuru mapema kwa kutoisoma.

Ahsante kwa mkopo. Ulinipa mkataba wa Kiingereza wa kurasa kumi na tatu, herufi ndogo kama mayai ya dagaa, ukanionyesha mahali pa kutia kidole gumba. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikuwa imeamua wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari mpya, nawe kwa ukarimu wako ukaniambia kuwa mvuvi mwenye hukumu kama ile hakosi cha kulipa.

Ahsante pia kwa dalali wako. Ni mtu wa adabu. Alingoja maji yajae, akaondoka na mashua, mashine, nyavu, na jokofu pamoja na ngisi waliokuwemo. Kesho yake alirudi, akabisha hodi, akaomba kifuniko cha jokofu alichokisahau.

Wakati ule sikufahamu kwamba unanifanyia hisani ya kisheria. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 ina mlango wa kutangazwa muflisi mahakamani: mali inauzwa, na kwa kawaida miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni, mtu hufutiwa madeni, pasipokuwa na aliyepinga. Ina pia mlango mwembamba wa wasio na mali ya kuuzika, wenye deni la kati ya shilingi 100,000 na 400,000. Hao, miezi 12 ikipita salama, deni linafutika. Bila dalali wako nisingefuzu kuwa fukara halali.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mungu awarehemu, hawakuwahi kuonja riba yako. Kwa hesabu yako mwenyewe nimefika 391,000, na faini inapanda hata siku za sikukuu. Nakusihi uipumzishe kidogo, isije ikanivusha 400,000 nikakosa msamaha kwa kuzidi utajiri wa deni.

Najua pia kwamba sheria haifuti deni lililopatikana kwa udanganyifu, wala matunzo ya watoto. Wala haimwachilii mdhamini. Mimi nikishatoka, utabaki na shemeji yangu wa Shela, ambaye kosa lake ni kuoa kwetu.

Basi, Mheshimiwa, ombi langu ni dogo mno. Nikopeshe shilingi 8,000: nauli ya boti hadi Mokowe, basi hadi Nairobi, na za kuchapisha fomu za kuomba kupita mlango ule mwembamba. Jumla itakuwa 399,000, bado tumo ndani ya sheria. Mdhamini wa deni lote, badala ya shemeji, awe wewe mwenyewe, kwani sijaona mtu mwingine mwenye uwezo.

Limebaki jambo moja. Mlango ule mwembamba humkataa aliyekopa hali akijua hana cha kulipia. Kwa hiyo naomba uniwekee hati ya kiapo kwamba mimi sikujua lolote, na kwamba aliyejua tangu siku ya kwanza ni wewe. Ukurasa wowote wa mkataba wetu utatosha kuwa ushahidi.

Nikishafutiwa, utamdai mdhamini. Dalali hatakuwa na haja ya kungoja maji yajae. Atapanda ngazi tu hadi ofisini kwako, na akisahau kifuniko, tafadhali mpe.

Wako mtiifu asiye na kitu,
Muflisi Mtarajiwa,
Matondoni, Lamu.