Barua ya Wazi kwa Mkaguzi Namba 07

Temeke, Dar es Salaam

Kwa Mkaguzi wa Ubora Namba 07,
Idara ya Ukaguzi,
Kiwanda cha magitaa ambacho hata katoni lake limeona haya kukitaja.

YAH: GITAA LA UMEME ULILOLIKAGUA NA KULIPITISHA

Ndugu Mkaguzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hatujuani kwa sura, ila namba yako naijua. Imeandikwa kwa kalamu kwenye kibandiko cha duara, cha rangi ya dhahabu, nyuma ya kichwa cha gitaa nililomnunulia mpwa wangu Kariakoo kwa shilingi laki tatu na ishirini. Ndani ya katoni kulikuwa pia na amplifaya ya wati 10, waya, mkanda, mkoba wenye zipu inayogoma nusu ya safari, na vijiplastiki vitatu vya kupigia. Kibandiko kinasema gitaa limekaguliwa na limefaulu. Nianze kwa kukupongeza: kimebandikwa katikati kabisa, hakijapinda hata chembe. Katika gitaa zima ndicho kitu pekee kilichonyooka hivyo.

Nimepiga rizimu kwenye bendi za harusi miaka mingi, na magitaa mabovu nimeyaona ya kila namna, likiwemo moja lililokuwa likisoma taarifa ya habari katikati ya wimbo. Kwa hiyo lako halikunishtua. Kilichonishtua ni mpwa wangu.

Kijana anasoma Dodoma. Nilimtumia gitaa kwa basi, naye akajifungia nalo chumbani wiki tatu. Ya nne akanipigia simu. "Mjomba, shikamoo. Nadhani mimi sina sikio." Akanieleza: anatyuni nyuzi zote sita, zinakaa sawa, akishika kodi ya kwanza tu zinagombana. Anatyuni upya kwa kuifuata ile kodi; sasa kodi inakubali, nyuzi zikiachwa wazi zinakataa. Amezungushwa hivyo siku ishirini na moja. Akajiona yeye ndiye mbovu, maana gitaa lina cheti na yeye hana.

Nikamwambia alirudishe kwa basi. Lilipofika niliketi nalo barazani, nikaanza kufanya kazi ambayo kwa mujibu wa kibandiko wewe ulishaifanya.

Pale shingo inapokutana na kichwa kuna kipande cha plastiki chenye vijifereji sita vya kupitishia nyuzi. Vijifereji hivyo hukatwa mpaka vifike kina chake, uzi ulale juu ya freti ya kwanza kwa nafasi ndogo tu. Vyako vilikatwa nusu vikaachwa. Labda kengele ya chakula ililia. Uzi umekaa juu kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiukandamiza hadi freti ya kwanza unauvuta, na uzi ukivutwa sauti inapanda. Ndio ugomvi aliousikia mpwa wangu. Kijana ana sikio, Ndugu Mkaguzi. Analo zuri kiasi cha kushindwa kuvumilia ulichokivumilia wewe.

Ncha za freti nazo zilikuwa zimechomoza pande zote mbili za shingo. Ukiteremsha mkono zinakuparua kama samaki wa Feri. Hapa nitakutetea kidogo. Gitaa lilinunuliwa kwenye unyevunyevu wa pwani likapelekwa Dodoma kukavu. Mbao hunywea, chuma hakinywei, basi freti zikatokeza kama meno ya mtoto. Lakini mbao iliyokaushwa kwa subira hainywei kiasi kile, na yaliyobaki yangemalizwa na tupa.

Halafu daraja. Kila uzi una kikalio chake cha chuma, kinachosogezwa kwa skrubu mpaka freti ya 12 itoe sauti ileile ya uzi mtupu, ila oktavu moja juu. Vikalio vyote sita nilivikuta vimepangwa mstari mmoja kama askari wa gwaride. Vinapendeza. Nyuzi hazina unene sawa, kwa hiyo vikalio vikipendeza namna hiyo ujue hakuna mtu aliyevigusa.

Tuje kwenye umeme. Pikapu zake (sisemi zile za kubeba mkaa) ni tatu, kila moja ni sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara maelfu. Zinanasa mtikisiko wa nyuzi, na pamoja nao zinanasa mngurumo wa umeme wa hertz 50 kutoka kwenye friji, taa na transfoma ya mtaa. Kwa hilo sikulaumu. Hata magitaa ya bei ya pikipiki, yakiwa na pikapu za aina hiyo, yananguruma. La kwako lilizidi kunguruma kila nilipogusa nyuzi, wakati lilipaswa kutulia. Nikajua kuna waya wa ethi usiofika nyumbani.

Nikalipeleka kwa fundi redio wa mtaani kwetu. Fundi huyu hajui kushika hata kodi moja, na hilo halikunipa wasiwasi. Umbo la gitaa lako mmeliiga kutoka Stratocaster ya mwaka 1954, na Leo Fender wa Fullerton, California, aliyeiunda pamoja na wenzake, alikuwa fundi redio asiyejua kupiga gitaa. Ndiyo maana shingo imefungwa kwa skrubu nne, na pikapu, swichi na nyaya zimebebwa na kipande kimoja cha plastiki kilicho mbele: mzee yule alitaka chombo kinachofunguka. Fundi wetu alikifungua akacheka. Waya wa ethi ulikuwa umekatwa vizuri, umevuliwa ganda, umeachwa hewani bila tone la risasi. "Huyu alikuwa anajua unakokwenda," akasema, "ila akaitwa."

Tulimaliza kwa saa moja na robo. Fundi alidai elfu kumi na tano. Nyuzi nilinunua mpya, kwa sababu zako zilishaanza kutu zikiwa bado ndani ya mfuko.

Na sasa nitasema jambo ambalo linaniuma kulisema: gitaa ni zuri. Shingo imenyooka. Mwili ni wa mbao laini, mwepesi, unaweza kusimama nao usiku kucha mpaka bibi harusi aondoke na bega lisilalamike. Sauti yake ni nyembamba na kali, na najua wapo watakaoiita ya bati. Sisi wa rizimu ndiyo tunayoitafuta. Katikati ya ngoma na besi, gitaa la sauti nene ni kama mtu aliyepanda daladala na kabati. Hili linapenya. Kasoro zilizobaki tunaishi nazo: funguo za kukazia nyuzi zinalegea, ule mkono wa kutikisia sauti nimeuchomoa kwa sababu nyuzi zikienda nao hazirudi, na amplifaya ikipita nusu inakoroma kama baba mkwe. Itabaki chumbani.

Tena kuna jambo usilolijua, na ukilijua usije ukavimba kichwa. Huku kwetu gitaa la umeme halikuwa mali ya mpigaji. Tunasema "vyombo", na vyombo vina mwenyewe. Vya NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964, vilikuwa vya chama cha wafanyakazi. Kwingine vilikuwa vya tajiri fulani au vya shirika la umma. Mwanamuziki akihama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Wengi walihama kwa kufuata vyombo vipya zaidi ya mshahara. Na kabla ya kufika kwenye vyombo hivyo walianza na makopo: Franco mwenyewe, yule wa TPOK Jazz, utotoni Kinshasa alipigia gitaa la kopo lenye nyuzi za waya. Leo mpwa wangu, kijana wa bweni asiye na kazi, ni mwenye vyombo. Hilo ni lenu, silipingi, na ndilo linalofanya nikuandikie badala ya kukulaani kimyakimya.

Bei ya chini inatoka mahali, na mimi naelewa. Mbao mnazo, mashine mnazo, shaba ni ileile. Mlichopunguza ni ile saa ya mwisho: mtu mmoja, tupa mkononi, sikio karibu. Mmeuza gitaa lililobakiza saa moja kwisha. Kama katoni lingesema hivyo, "gitaa hili bado saa moja, tafuta fundi", ningelinunua vilevile, na ningekuombea dua. Lakini mmeibana ile saa na bado mkaiandikia risiti ya dhahabu. Mimi nina fundi jirani na mikono iliyozoea. Mtoto wa Kigoma aliyechanga mwaka mzima, akaletewa katoni lile, atamuuliza nani? Atakiamini kibandiko. Ataliweka gitaa juu ya kabati na kusema hana kipaji.

Ombi langu ni dogo. Kibandiko chako tumekibandua, kimeacha doa la gundi. Tafadhali nitumie vingine viwili, vitupu, kalamu ninayo. Kimoja ni cha fundi redio, tutamwandika Namba 08. Cha pili nitakituma Dodoma kwa basi, kijana akibandike nyuma ya sikio.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjomba wa mteja.