Ukifika kwa Mangi Umepitiliza

Hivi aliyezipanga hizi namba za dharura alinifikiria na mimi kweli? Polisi 112. TAKUKURU 113. Zimamoto 114. Wajawazito na vichanga 115, ile ya m-mama. Watoto 116. Zote bure, zimefuatana, mtu mwenye presha ya kawaida anazishika. Mimi yangu ya kupanda.

Juzi mpira wa mtungi wa gesi wa mpangaji wetu ukashika moto. Jiko linawaka, pazia linawaka. Nikabonyeza 113. Mke wangu kanichungulia begani: “Baba Zuwena, hiyo TAKUKURU! Moto umekuomba rushwa?” Watu wakacheka. Nyumba inaungua, watu wanacheka.

Haya, 114. Kapokea dada, sauti imetulia. Nini kinaungua? Kuna mtu ndani? Uko wapi? Nikamwambia Mbagala, ulizia kwa Mzee Kipara, anajulikana. Mbagala ipi? Ile yenye watu, dada! Shuka kituoni, fuata muuza chipsi, ila jioni ndo anatoa meza, ukifika kwa Mangi umepitiliza. Akauliza, kwa upole uleule, “Nyumba haina namba?”

Namba! Mwaka 2022 kabla ya sensa walipita wale vijana wa Anwani za Makazi, wakapigilia kibao ukutani, jina la barabara na namba ya nyumba. Mimi nikajua kodi hiyo. Kamba ya kuanikia nguo ikafungwa hapohapo. Sasa nakimbilia ukutani, simu sikioni, kibao kimefunikwa na nguo za mama mkwe. Tena si kanga. Zile ambazo mkwe hatakiwi hata kujua kama zipo. Nikazifunua. Mtaa mzima unanitazama nimezishika. Nasoma kwa sauti, na kumbe barabara yetu ina jina!

Dada akasema usikate simu. Toeni watu nje, zimeni meni swichi, mtu asimame barabarani alielekeze gari. Mtu huyo nani? Mimi, na taulo langu, napunga mkono kama konda. Gari lenyewe likakwama kwenye uchochoro, bajaji upande huu, upande wa pili baraza ya mwenye nyumba mmoja, aliyoisogeza mpaka njiani. Askari wakashuka, wakaja kwa miguu.

Wakakuta mpangaji keshafunga koki, katupia blanketi lililolowa, anafagia majivu. Nani kapiga simu? Vidole vyote kwangu. Nikawavuta pembeni, nikaomba wanipunguzie bei. Wakaniambia huduma bure. Mke wangu akapaza sauti, “Sasa ndo upige 113!”

Askari mmoja akatoa karatasi ya kujaza, akaniuliza namba ya nyumba. Nimeshaisahau. Na mama mkwe alikuwa keshazirudisha nguo zake palepale.