Harambee ya Saa: Barua kwa Mkuu wa Ajira, Uwanja wa Wilson

Mheshimiwa Mkuu wa Ajira,

Kampuni yako haitajwi hapa kwa sababu barua hii inakwenda kwa kampuni zote zenye ofisi Wilson. Majibu yenu yanafanana kiasi kwamba tulidhani mna karani mmoja.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati iliyomsomesha binti yetu urubani. Viazi viliuzwa, bonasi ya majani chai ikakopewa kabla haijatoka, na mzee mmoja akatoa ng'ombe wa maziwa huku akiuliza kama ndege itakuwa ikipitia kwake. Binti alirudi na leseni ya rubani wa biashara. Kwa leseni hiyo sheria hutaka saa 200 angani, au 150 kwa aliyefuata kozi moja iliyoidhinishwa toka mwanzo hadi mwisho. Serikali ikishatoa leseni hiyo, imekubali mtu alipwe kwa kurusha ndege. Tukachinja mbuzi. Mbuzi alikufa mapema.

Alipoomba kazi, mwenzako mmoja alimwambia arudi akifikisha saa 500. Mwingine alitaka 1,000, tena nyingi ziwe za ndege aina ya Caravan, na Caravan zenyewe ziko kwake. Binti alipouliza saa hizo hupatikana wapi, alijibiwa kwa upole sana: kazini.

Utatusamehe kuchelewa kuelewa, maana huku muda huhesabiwa kinyume. Faith Kipyegon, aliyekulia hapa Keringet, hulipwa kwa kuupunguza: Julai 2025 kule Eugene, Marekani, alimaliza mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 48.68, rekodi ya dunia. Hata maji ya chupa yenye jina la Keringet yaliingia madukani Nairobi bila kuulizwa uzoefu.

Wala urubani si mgeni pande hizi. Beryl Markham alikulia Njoro, akafunza farasi wa mashindano Molo, kisha akapata leseni ya biashara mwaka 1933. Kazi aliipata: kuwatafutia wawindaji wa Kizungu ndovu kutoka angani. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, injini ikazima kwa kukosa mafuta, akaangukia kinamasi huko Nova Scotia. Sijui idara yako ingemwandikia nini. Pengine kwamba saa zile za Atlantiki si za Caravan. Na tafadhali msimwelekeze binti yetu kwenye kazi ya ndovu. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977.

Tuliposumbua zaidi tukaambiwa kampuni haina neno, tatizo ni bima, na wateja wakubwa wa mikataba nao wana kiwango chao cha saa. Hilo tunalielewa. Hatumkabidhi mtu lori la viazi kwa sababu tu ana leseni. Lakini sisi humpandisha kwanza kama tanboi, akae kando ya dereva mpaka azijue kona za Molo. Caravan nayo ina kiti cha pili mbele, upande wa kulia. Kwa kuwa ndege hiyo yaruhusiwa rubani mmoja, kiti hicho mara nyingine husafiri kitupu, au hukaliwa na mtalii anayepiga picha za Mara. Mtalii huyo, Mheshimiwa, ana saa ngapi?

Wakati huohuo leseni inakula pesa. Kipimo cha daktari ni kila mwaka, mtihani wa kuruka kwa kutegemea ala ni kila mwaka, na asipopaa na kutua mara 3 katika siku 90 haruhusiwi kubeba abiria. Ndege ya kupaia hukodishwa kwa saa. Yaani asiye na kazi hulipa ili aendelee kustahili kazi ambayo hana. Wengine wanamshauri awe mwalimu wa urubani. Kozi hiyo nayo hulipiwa, kisha atafundisha vijana ambao mtawajibu mlivyomjibu yeye. Sisi tuliolima pareto tunaijua biashara ambayo pesa hutoka kwa mkulima tu.

Kwa hivyo kamati imeitisha harambee ya pili, ya saa. Dereva wa matatu ya Molo ametoa 300, nusu yake zikiwa za ukungu mtupu. Kijana wa bodaboda ametoa 150, na ameapa kwamba kwenye matuta yetu magurudumu yote mawili huwa hewani. Chama cha akina mama kimekusanya 400 za kungoja madaktari kwenye foleni, wakisema uvumilivu nao ni uzoefu. Mzee wa ng'ombe ameahidi 1,000 za kutazama ndege zikipita, na anasema hakuna iliyowahi kuanguka akiitazama.

Tunaomba namba ya paybill ya kuziweka. Ikiwa haipo, tutapokea kile kiti cha kulia, hata kwa safari za Jumanne ambazo watalii hawazitaki.

Wako mtiifu,
Mwenyekiti, Kamati ya Rubani, Keringet

Nakala: Kampuni ya bima, ambayo tunasikia ndiyo inayoajiri.